Vipimo vya Nyumba ya Veikko

Nyumba njema si mlango, lakini nilianzia mlangoni,
kwa sababu hapo ndipo Veikko aliposimama, hataki kuwasha taa.
Ilikuwa Desemba, mjini Oulu, saa nane mchana,
na giza lilikuwa limeshakaa nje
kama abiria aliyelipia kiti.

Binti yake, Marjut, ndiye aliyenipigia simu.
"Mpakie nyeupe," alisema, "kila kitu kiwe cheupe,
kama ile picha niliyokutumia."
Niliitazama picha: sofa isiyojua makalio,
bakuli la malimau ambayo hakuna atakayeyakamua.

Nikatoa tepi. Veikko akacheka kwa pua.
"Miaka thelathini na mmoja kiwanda cha karatasi.
Nimepimwa mapafu, nimepimwa kelele. Haya, pima."

Ukuta sikuupima.
Nilipima hatua kutoka kitandani hadi kwenye birika: kumi na tisa,
na katika hatua ya saba anashika fremu ya mlango;
rangi imelika hapo, mbao inang'aa kwa mafuta ya kiganja.
Nilipima masikio: la kushoto lilibaki kiwandani,
na kiti chake kililielekeza hilo hilo bovu mlangoni,
ndiyo maana kila aingiaye humshtua,
ndiyo maana wajukuu wanadhani babu ana hasira.
Nilipima anapokula:
wima, kando ya sinki, sahani mkononi,
mgongo ameipa meza yenye viti viwili.

Sikumuuliza habari za kiti cha pili.
Kuna maswali fundi huyashika mdomoni kama misumari,
hayatoi mpaka ajue pa kugongea.

Kazi yenyewe, ukiiandika kwenye ankara, haina fahari.
Kugeuza kiti, nyuzi tisini.
Kusogeza meza sentimita arobaini, iguse dirisha
ambako jua, likijaliwa kuja,
hupita chini chini kama mdaiwa.
Taa ndogo ya manjano karibu na birika,
swichi yake kimo cha kiwiko, isitafutwe kwa kupapasa.
Zulia la vitambaa alilofuma Irja kwa mashati yao makuukuu:
kulitoa kabatini, kulikung'uta kwenye theluji,
kulitandaza penye hatua ya saba.
Fremu ya mlango: isipakwe rangi.
Hapo nilipiga mstari mara mbili.

Marjut alikuja Jumapili.
"Sasa umebadilisha nini?"
Sikuwa na jibu la kulipiwa.
Ila Veikko alimsikia akivua viatu,
akageuka kabla hajaguswa bega.
Zaidi ya hapo sikuona; nilikuwa nimepiga magoti
chini ya sinki, natafuta skrubu.

Kimoja nilikikosea.
Kwa ndani ya mlango kulikuwa na ndoano mbili za makoti,
moja juu, moja chini, kimo cha mwanamke mfupi.
Ile ya chini niliing'oa, nikaziba tundu,
nikasugua hata kidole kisingejua.
Nilidhani namwondolea jeraha.

Machi nikarudi kuchukua ngazi yangu,
nikaikuta ndoano imerudi,
imepinda, imegongwa na mtu asiyeona vizuri,
na mfuko wa mbegu za ndege unaning'inia juu yake.
"Mkono wangu unajua kwenda hapo,"
akasema. Hakunilaumu. Ilikuwa taarifa tu,
kama mtu anayekuonyesha bomba kuu la maji lilipo.

Alikuwa amekwisha kumimina kahawa.
Akakaa mezani, sikio zima upande wangu,
kisha kwa ncha ya soksi, bila kunitazama,
akakisukuma kile kiti cha pili.
Nje paa lilikuwa linadondosha barafu, tone baada ya tone,
na yeye, kwa mara ya kwanza, akaniuliza
tone hilo linaanguka wapi.

Nikakaa. Ngazi ikangoja mlangoni.